Udongo mkongwe wa vyungu: usiumwage kabla hujauchunguza

Mavuno yakiisha, vyungu na ndoo hubaki na udongo uliosinyaa, na swali huwa lile lile: uende wapi? Maswali mengi mliyonitumia safari hii yanagusa hapo hapo. Nitayajibu moja baada ya jingine.

Nimeng'oa nyanya kwenye ndoo sita. Zilizaa vizuri sana. Jirani ananiambia udongo huo umekufa, niutupe ninunue mwingine. Ni kweli?

Si kweli, na nakuomba usiutupe. Udongo uliokuzalia vizuri msimu mzima umechoka tu, haujafa. Wengi hudhani kilichoisha humo ni chakula peke yake, kwa hiyo humimina mbolea kisha hushangaa mimea inavyodumaa. Kwenye chungu, aghalabu kinachotangulia kupungua ni hewa. Mchanganyiko wa vyungu hutengenezwa kwa vitu vinavyooza: mboji, magome yaliyosagwa, nyuzi za makumbi ya nazi. Miezi ikipita, vijidudu hula vipande hivyo, vikawa chembe ndogo ndogo, vikashuka na kubanana. Ndiyo maana ndoo uliyoijaza hadi ukingoni sasa imepungua kwa upana wa kiganja. Palipokuwa na hewa pamejaa vumbi na maji, na mzizi usiopumua hauli hata ukiwekewa chakula mlangoni.

Fanya hivi. Mwaga udongo juu ya turubai, uache ukauke kiasi cha kuchambulika kwa mkono. Ondoa mashina na bonge la mizizi minene. Vijizizi vyembamba kama uzi viache; vitaoza na kuacha vijitundu vya hewa. Bonge zima ukiliacha, vijidudu vinavyoliozesha vitajichukulia naitrojeni yote iliyopo, yaani chakula kinachokuza majani, na mche mpya utageuka njano. Pasua madongo, kisha pima: ndoo 3 za udongo wa zamani kwa ndoo 1 ya mboji iliyoiva. Halafu ongeza kitu kigumu kisichooza upesi ili kurudisha hewa: perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba, huuzwa kwa wakulima wa vyungu), jiwe pumisi lililopondwa, au vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa punje ya mahindi. Kiasi cha sehemu 1 kati ya 10 kinatosha, na kama udongo umeshikamana sana fika sehemu 1 kati ya 5. Mchanga laini usiutie, maana huziba zile nafasi unazozitafuta. Lowesha, funika, uache wiki moja au mbili.

Mboji peke yake haitamfikisha mlaji mkubwa kama mnyanya hadi mwisho wa msimu. Naitrojeni huoshwa na maji kila unapomwagilia, kwa hiyo panga kuongeza mbolea kidogo kidogo mmea unapoanza kutoa maua.

Juu ya udongo na kwenye kingo za chungu changu kuna ukoko mweupe. Ni ukungu?

Ukungu huwa na manyoya laini ukiutazama kwa karibu. Ukoko mgumu unaokwaruzika kwa kucha ni chumvi za mbolea na za maji yenyewe, zilizobaki juu baada ya maji kukauka. Zikizidi, ncha za majani huungua na kuwa kahawia. Kwangua ukoko huo uutupe, kisha mimina maji taratibu yenye ujazo mara mbili ya ule wa chungu, yote yapite na kutoka chini. Usiyaache kwenye kisahani, maana udongo utayanyonya tena pamoja na chumvi zake.

Nyanya zangu zilinyauka zote ndani ya siku chache zikiwa bado kijani. Nikianika udongo juani nitaweza kupanda tena?

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu jibu linategemea kilichoziua. Kama kuna mmea haujaoza, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Udongo huo sikushauri uuokoe. Bakteria wake hudumu udongoni muda mrefu na hushambulia pia biringanya, pilipili na viazi mviringo. Ufunge kwenye mfuko, uutoe na taka, usiumwage bustanini wala kwenye lundo la mboji. Ndoo isugue kwa sabuni, kisha iloweke nusu saa katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo, sehemu 1 ya dawa kwa 9 za maji.

Kama hakuna nyuzi, tazama mizizi. Vifundo vilivyovimba mle mle ndani ya mzizi ni kazi ya minyoo fundo. Usivichanganye na vifundo vya maharage na kunde, ambavyo hubanduka kwa kidole na ndani huwa na wekundu: hivyo ni rafiki, vinaleta naitrojeni.

Udongo wenye minyoo fundo, au ulioshukiwa tu, ndio unaofaa kuanikwa. Lakini kuutandaza ukauke hakutoshi. Ulowe kwanza, kwa kuwa unyevu ndio unaosafirisha joto na kuwaamsha wadudu waliolala. Utandaze kwa kina kisichozidi sentimita 20, ufunike kwa nailoni angavu, bana kingo zote, uache wiki 4 hadi 6 katika kipindi cha jua kali. Nailoni iwe angavu, si nyeusi, ili miale ipenye hadi kwenye udongo. Kwa udongo kidogo kuna njia ya haraka: uweke kwenye mifuko myembamba juani, na kama kipimajoto kilichochomekwa katikati kinasoma nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa nzima, kazi imekwisha. Ukimaliza tia mboji, kwa sababu jua limeua pia wengi wa vijidudu wema.

Na hata udongo ukiwa mzima, usirudishe nyanya juu ya nyanya. Panda maharage, vitunguu au mboga za majani kwanza. Biringanya na pilipili si mabadiliko. Ni ukoo mmoja na nyanya.

Nikimwagilia, maji yanateremka pembeni na kutoka chini, lakini katikati pamekauka kabisa.

Udongo umekauka mno mpaka unayakataa maji. Tumbukiza chungu chote kwenye beseni, maji yafike karibu na ukingo, ukiache hadi mapovu yaache kutoka. Ukitoe kichuruzike.

Niliambiwa niweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Mbona udongo unatota?

Ushauri huo umeenea mno na unawapotosha wengi. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike ikiwa imelala. Ikiacha kudondosha, isimamishe wima: itadondosha tena. Maji ni yale yale, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao hushikilia maji sehemu yake ya chini kabisa, na maji hayo hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye chembe ndogo kuingia penye mawe makubwa. Kokoto zinapandisha sehemu ile iliyotota na kuisogeza karibu na mizizi. Ziondoe, jaza udongo hadi chini, na hakikisha matundu yako wazi. Ukiogopa udongo kutoka, kipande cha wavu kinatosha.

Naweza kuchanganya samadi mbichi, majivu na maganda ya mayai badala ya mboji?

Samadi mbichi, hapana. Hutoa amonia inayounguza mizizi na huweza kubeba vimelea vya magonjwa ya binadamu. Iozeshwe hadi ipoe na inuke kama ardhi baada ya mvua. Jambo moja zaidi kuhusu samadi linaniuma hadi leo: niliwahi kuletewa iliyoiva vizuri kabisa, na maharage yangu yote yakakunja majani kama vikombe. Wanyama walikuwa wamelishwa nyasi zilizopigwa dawa ya magugu, na baadhi ya dawa hizo hupita tumboni na kwenye lundo bila kuharibika. Tangu hapo kila samadi mpya naichanganya na udongo kwenye kikopo, napanda mbegu chache za maharage na kusubiri wiki 3. Majani yakinyooka, naitumia.

Majivu ya kuni yana potasiamu lakini yanapunguza uchachu wa udongo kwa kasi. Kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo kinatosha, tena si kila msimu. Maganda ya mayai huchukua muda mrefu mno kuoza. Yasage yawe unga, la sivyo utayakuta yalivyo mwakani.

Udongo umepungua. Nijazie kwa udongo wa shambani?

Usifanye hivyo. Shambani udongo una kina kirefu na viumbe wa kuufukua. Chunguni hugandamana kama tofali, na huja na mbegu za magugu.

Udongo mmoja unaweza kurudiwa mara ngapi?

Usihesabu misimu, uulize mkono wako. Chukua konzi ya udongo wenye unyevu, ukamue, fungua kiganja, gusa donge kwa kidole. Likivunjika, changanya kwa kile kipimo cha 3 kwa 1. Likibaki limeshikamana kama la mfinyanzi, changanya nusu kwa nusu. Na kama hata hapo linashikamana, utandaze udongo huo tabaka nyembamba nyembamba ndani ya lundo la mboji, majani makavu juu yake. Miezi kadhaa baadaye utauchekecha na kuurudisha chunguni ukiwa sehemu ya mboji mpya.