Kabla Hujanunua Mashine ya Kuchimba Bitcoin, Nunua Kwanza Umeme wa Elfu Kumi

Juzi usiku kijana mmoja wa Mwanza alinitumia ujumbe mrefu. Ni fundi simu. Amedunduliza milioni 2 na laki 8 kwa miaka mitatu, na kuna mtu Kariakoo anamuuzia Antminer S9 tatu zilizotumika, mashine za kuchimba Bitcoin, yaani kompyuta zinazoshindana kukisia namba usiku na mchana ili zilipwe sarafu hiyo ya kidijitali. "Kaka, nasikia uliwahi kuchimba. Naomba unielekeze namna ya kuziunganisha, hela natuma Ijumaa."

Niliurudia ule ujumbe mara tatu. Hakuuliza kama anunue, aliuliza namna ya kuunganisha. Nilimpigia palepale, tukaongea mpaka simu yake ikaisha chaji. Nayaandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mna hamu ileile, na mimi nilikuwa nayo, tena zaidi yenu.

Nilianza Machi 2021 na kadi sita za RX 580, kadi za picha za kompyuta, nikichimba Ethereum, sarafu nyingine ya kidijitali. Nilizikusanya moja moja, nyingine kwa vijana wa magemu hapa Dar, nyingine kupitia binamu yangu aliyeko Dubai. Zote za GB 8. Wakati ule watu walikuwa wanagombania za GB 4 kwa kuwa ni rahisi, hawajui kwamba faili ambalo Ethereum ilikuwa ikilipakia kwenye kumbukumbu ya kadi lilishavuka GB 4 tangu Desemba 2020. Mimi nilijua. Nilikesha nikisoma wakati wenzangu wamelala, na hilo nalisema bila kuona haya. Fremu ya mbao nilichongewa na fundi wa Keko, akiamini ni kichanja cha vyombo. Nikashusha volti za kila kadi kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, mpaka rigi nzima, yaani kadi zote sita pamoja, ikatoa megahashi 180 (makisio milioni 180 kwa sekunde) kwa wati 850 badala ya 1,100.

Wati 850 kwa saa 24 ni yuniti 20 na kidogo. Kwa bei yetu ya kawaida ya shilingi 356 kwa yuniti, kodi zikiwamo, nilikuwa nateketeza kama 7,300 kwa siku, na kuna siku rigi iliingiza zaidi ya 20,000. Bati za nyumba yangu ya Chanika zimetoka kwenye ile fremu ya mbao. Mama mkwe alipokuja kuangalia nyumba aliuliza, "Hii kompyuta inayopuliza ndiyo imeezeka?" Nikamjibu ndiyo, mama, ndiyo hii.

Halafu ikaja asubuhi ya Septemba 15, 2022. Kabla ya saa nne Ethereum ikahamia mfumo usiohitaji wachimbaji kabisa. Feni zilikuwa zinazunguka kama jana, kadi zina joto kama jana, na kwenye skrini hakuna kinachoingia. Kuuza nako kulikuwa mtihani, maana dunia nzima ilikuwa inauza kadi wiki ileile. Nilizitoa kwa bei ya kutupa.

Hapo ningesimama. Nilishafaidi, nyumba ina bati. Lakini mtu aliyewahi kupata hakubali kirahisi kwamba msimu umekwisha.

Februari 2023 nikanunua Antminer S19j Pro iliyotumika, ya kuchimba Bitcoin, terahashi 100, yaani makisio trilioni 100 kwa sekunde. Pamoja na usafirishaji na ushuru ilinifikia kwa milioni 3 na laki 9, na humo milioni moja na nusu ilikuwa ya shemeji yangu. Aliyeniuzia ni mtu niliyemwita rafiki. Alinionyesha kikokotoo kwenye simu yake: mashine ingejilipa ndani ya miezi kumi. Sikuangalia kisanduku cha bei ya umeme. Kilikuwa kimeandikwa senti 5 za dola kwa yuniti. Yuniti ya Dar wakati ule ilikuwa senti 15. Mara tatu! Mimi niliyekesha kuhesabu wati za kadi moja moja, sikuangalia kisanduku kimoja. Nikimpigia siku hizi hapokei.

Kwanza nieleze siku ya kuiwasha, kwa sababu ingeweza kuniunguzia nyumba. Mashine hii inakula wati 3,050 na ina nyaya mbili za umeme. Nikazichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja, ekstensheni nikaichomeka ukutani. Gawanya 3,050 kwa volti 230, unapata ampia 13 na ushee, na plagi zetu zimetengenezwa kwa ampia 13 kamili. Ilikaa hivyo tangu magharibi. Saa sita usiku mke wangu akaniamsha, akasema anasikia harufu kama ya kandambili inayoungua. Nilipofika stoo, plagi ilikuwa imeshikana na soketi. Plastiki imekuwa laini kama ubani, weusi umepanda ukutani kiasi cha kiganja, na mashine bado inanguruma, taa ya kijani inawaka kama kwamba kila kitu ni salama. Nilizima kwenye meni swichi nikakaa chini gizani. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Kwa hiyo sikilizeni. Mashine ya aina hii inavutiwa laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 4 au 6 kulingana na umbali, breka yake, na ethi inayofanya kazi kweli. Umwite fundi umeme mwenye leseni. Ekstensheni ni ya kuchajia simu.

Lilipokwisha hilo ikaja volti. Pawa saplai ya mashine hizi inataka volti kati ya 200 na 240. Mtaani kwetu, ikifika saa moja jioni kila nyumba imewasha, mita yangu ilisoma 187. Mashine inazima, inajiwasha, inahangaika dakika kadhaa kabla ya kuanza kazi, inazima tena. Nikanunua stebilaiza kubwa, hela nyingine hiyo ambayo kikokotoo hakikuwa nayo. Joto nalo: wati 3,050 zote zinageuka joto, sawa na pasi tatu zimewashwa usiku na mchana, na Februari ya Dar mnaijua. Kelele ni kama kifyonza vumbi kisichozimwa. Mashine ikahamia banda la uani, na huko uani kukawa na vumbi na chumvi ya hewa ya pwani. Baada ya miezi tisa bodi moja kati ya tatu zinazobeba chipu ikafa.

Lakini hayo yote yanatengenezeka. Kisichotengenezeka ni yuniti. Wati 3,050 kwa saa 24 ni yuniti 73. Zidisha kwa 356, unapata shilingi 26,000 kwa siku. Mashine ilikuwa inaingiza kati ya 15,000 na 18,000. Mei 2023 ada za miamala ya Bitcoin, ambazo nazo huenda kwa wachimbaji, zilipanda ghafla, kwa siku chache ikajilipa, nikamwambia shemeji "unaona?" Zikashuka. Mwisho wa mwaka ule ukaja mgao wa umeme, na niseme ukweli, siku za mgao ndizo hasara yangu ilipopungua. Mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuingia Februari 2024 umeme ukatulia, na hasara yangu ikatulia nayo, kila siku, bila kukosa.

Usiku wa kuamkia Aprili 20, 2024 nilikaa macho. Ilipita kidogo saa tisa, bloku (fungu la miamala ambalo mchimbaji hulipwa kwa kulipata) ya 840,000 ikapatikana, na zawadi ya kila bloku ikapungua kutoka Bitcoin 6.25 hadi 3.125. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani. Hakusema kitu. Nilitoka uani nikaizima, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi 14 tukawasikia vyura.

Hela ya shemeji nimemaliza kumrudishia mwaka huu. Kwa miezi yote ile faida ya duka langu la steshenari ndiyo iliyokuwa inanunua tokeni za LUKU. Uchungu wenyewe ni huu: ile 26,000 ya umeme, kama kila siku ningenunua Bitcoin moja kwa moja bila mashine yoyote, ningekuwa na nyingi kuliko zilizochimbwa. Nilikuwa nanunua Bitcoin kwa bei ya juu kuliko sokoni na kujiita mchimbaji.

Sasa turudi kwa yule kijana. Nilimwambia: usitume hela Ijumaa. Nunua umeme wa elfu kumi, uniambie umepata yuniti ngapi. Mtu wa tarifa ya kawaida anapata 28.1. S9 moja inakula wati kama 1,350, kwa hiyo zile yuniti 28.1 haziimalizi hata siku, zinaisha ndani ya saa 21. Mashine tatu zinazimaliza ndani ya saa saba. Akanijibu kwa furaha: "Kaka, mimi niko tarifa ndogo, napata yuniti kwa 122!" Nilijua atasema. Wengi wenu mtasema. Ndugu zangu, tarifa ile ni ya mtu asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi. S9 moja inazimaliza yuniti 75 kwa siku mbili na saa chache, na zinazofuata zinahesabiwa kwa bei ya juu hata kuliko ya kwetu sisi wa kawaida. Tarifa ile imewekwa kwa ajili ya bibi mwenye taa tatu na redio.

Na mapato je? Tufanye wote. Bitcoin hutoa bloku 144 kwa siku kwa wastani, mara 3.125, ni 450 kwa dunia nzima. Mwaka 2025 nguvu ya mtandao wote ilivuka terahashi bilioni moja. S9 ina terahashi 13.5. Gawanya, zidisha: unapata Bitcoin 0.000006 kwa siku. Hata Bitcoin moja ikiwa dola 100,000, hizo ni senti 60 za dola, hazifiki shilingi 1,700. Umeme wake ni 11,500. Ugumu wa kuchimba nao unapangwa upya kila bloku 2,016, kama wiki mbili hivi, na kila mwenye mashine mpya duniani anaibana ya kwako. S9 ilitoka 2016. Inauzwa rahisi kwa sababu walioijua wameshaikimbia.

Watu wataniambia sola. Yuniti 73 kwa siku kwa jua letu zinataka paneli zaidi ya kilowati 15, hapo bado betri. Mwenye mtaji huo asichimbe, afungue kiwanda cha barafu.

Sisemi hakuna wanaofaidi. Hifadhi ya Virunga, Kongo, ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa umeme wa maji yake yenyewe. Kenya kuna kampuni ya Gridless inayoweka mashine pembeni ya mitambo midogo ya maji vijijini, inakula umeme ambao ungepotea kwa kukosa mteja. Ethiopia imevuta wachimbaji kutoka China kwa umeme wake nafuu. Watazameni hao: wote walianza na umeme, mashine ikafuata. Wewe na mimi tunaanza na mashine kwa kuwa inapigwa picha. Nani anapiga picha bei ya yuniti? Vijana, acheni kununua vitu kwa sababu mmeona feni inazunguka kwenye video. Muulizeni muuzaji swali moja: wewe mwenyewe kwa nini huichimbi? Kama ana umeme wa bei poa asingeiuza. Kama hana, na wewe huna.

Sheria nazo mzijue. Benki Kuu ilishatoa tahadhari kuhusu sarafu hizi Novemba 2019, na tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Iwekeni kwenye hesabu kabla ya kuota.

Ukiwa na umeme wako wa maji huko Njombe au Kigoma, umezidi na hauna mnunuzi, hapo tuongee. Nitakuja mwenyewe kuvuta waya. Jiunge na puli kubwa, yaani kundi la wachimbaji wanaogawana mapato, inayolipa kila siku, usichimbe peke yako. Mtandao tumia waya, wala hauli bando kubwa. Pochi ya kuhifadhia Bitcoin iwe yako, maneno 24 ya kuifungulia yaandikwe kwenye karatasi, si kwenye simu. Na kabla ya yote, yuniti. Hesabu yuniti, kisha hesabu tena kwa bei iliyoandikwa kwenye risiti yako ya LUKU, si ya kwenye simu ya muuzaji.

Kijana hakutuma hela. Jana ameniuliza kama bodi za mashine hizi zinatengenezeka kwa hita ileile anayobandulia IC za simu. Nikamwambia ndiyo, chipu zimepangwa kwa mistari, ikikatika moja mstari wote unazima, na mwenye mkono mzuri na mita anaipata. Ile bodi yangu iliyokufa ipo juu ya kabati, imefungwa gazeti. Nimemwambia kesho naipeleka kwenye basi la Mwanza, akaichezee, asiniletee hela.