Kabla hujalipia ploti, uliza maji yalifika wapi

Nilinunua ploti ya futi hamsini kwa mia kaunti ya Kajiado mwezi wa Januari. Nautaja mwezi kwa sababu ndio ulioniponza. Januari kule ni vumbi tupu, ardhi imepasuka hadi unaweza kutumbukiza kidole, na broka anatembea mbele yako akikuonyesha bikoni, zile alama za mpaka, moja baada ya nyingine kwa furaha. Kwenye waya wa uzio wa jirani kulikuwa na nyasi kavu, vijiti na vipande vya nailoni vimenasa, kimo cha kiuno. Niliviona. Nikadhani ni upepo.

Nisionekane mzembe kabisa, nilikuwa nimepekuapekua mtandaoni kwanza. Nilitafuta majanga ya Kajiado, na karibu kila nilichokipata kilikuwa ni ukame: ng'ombe waliokufa kwa maelfu 2009, na tena 2022. Nikajiambia, mimi sina ng'ombe, ukame utanifanya nini? Nitanunua tangi kubwa, maisha yaendelee.

Mwisho wa Aprili nilirudi na fundi tupime msingi. Tulikuta maji. Sisemi matope, nasema maji yanayotembea, yameingia kona moja ya ploti na kutokea nyingine kana kwamba yana hati yake. Bikoni mbili hazikuonekana. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi upande wa juu alitukuta tumesimama tumeduwaa.

"Kijana, hapa ni njia ya maji," akasema. "Hayaji kila mwaka. Yakija, hupita hapa."

Nikamwonyesha zile nyasi kwenye waya, nikamwambia nilidhani ni upepo. Akacheka. "Upepo gani huo unaofunga nyasi upande mmoja tu?" Nikaangalia vizuri. Kweli, takataka zote zilikuwa zimenasa upande wa juu wa waya, kule maji yanakotoka.

Tangu siku hiyo, ndugu na marafiki wakitaka kununua ardhi hunipigia simu. Mimi si mtaalamu wa miamba wala wa hali ya hewa, ila nimeshajua pa kuangalia, na nimejua kosa langu lilikuwa wapi. Niliuliza swali la kaunti wakati nilikuwa nanunua ploti.

Chukua Nakuru. Kaunti moja, lakini ukikusanya historia yake utashangaa. Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai usiku na kuua watu zaidi ya 40. Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na takataka kwenye kalvati ya reli, yaani njia ya maji chini ya reli, yalifumuka na kufagia kijiji cha Kamuchiri. Hapo pia waliokufa walizidi 40. Kihoto, Naivasha, ziwa limewafuata watu majumbani. Machi 2018 ardhi ilipasuka kati ya Mai Mahiu na Suswa, barabara ya kwenda Narok ikakatika. Na Januari 1928 Subukia ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini. Hakuna nyumba hata moja ambayo yote hayo yanaitishia kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akiniuliza "Nakuru ni salama?" huwa namjibu: Nakuru ipi?

Pokot Magharibi ni vivyo hivyo. Novemba 2019 milima iliporomoka juu ya vijiji usiku, watu wengi wakafukiwa, na katika kaunti hiyo hiyo, ukishuka tambarare, adui anayejulikana ni ukame. Ukichanganya mlima na tambarare upate wastani, utapata jibu lisilomfaa mtu yeyote.

Hata hivyo historia ya kaunti inafaa kuanzia, kwa sababu inakupa orodha ya mambo ya kwenda kuyaulizia. Kila serikali ya kaunti hutoa mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na mingi iko mtandaoni. Watu husoma sehemu ya barabara na hospitali. Wewe tafuta sehemu ya mazingira na majanga, maana humo mara nyingi wametaja wadi, mito na hata vijiji. Kaunti nyingi pia zina ripoti ya hatari za tabianchi iliyoandikwa baada ya kuketi na wananchi wa kila wadi, na kwangu hiyo ina thamani kuliko jedwali lolote, kwa kuwa aliyesema "hapa huzama" ni mtu anayeishi hapo. Kama unaelekea maeneo makavu, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23. Usisome ya mwezi mmoja. Soma za miaka kadhaa uone ni mara ngapi kaunti imetoka hali ya kawaida ikaingia tahadhari, na ilikaa huko kwa muda gani.

Sasa kuna mtego mmoja ambao ulinipotezea wiki nzima. Kaunti zilianza kazi 2013. Kabla ya hapo kila kitu kiliandikwa kwa wilaya, na wilaya zilikuwa zikigawanywa kila mara. Ukitafuta "kaunti ya Elgeyo Marakwet" kwenye kumbukumbu za mwishoni mwa miaka ya tisini hutapata kitu, utadhani haikuwahi kuwepo. Tafuta Keiyo, tafuta Marakwet. Mipaka ya kaunti 47 inafuata kwa kiasi kikubwa wilaya zilivyokuwa 1992, kwa hiyo anza na orodha ya wilaya za wakati huo, kisha uone kila moja iligawanywa vipi baadaye, nawe utajua majina ya kuulizia.

Mtego wa pili ni ukimya. Orodha kubwa ya kimataifa ya majanga, EM-DAT, haiandiki tukio mpaka litimize angalau sharti moja: wafe watu 10 au zaidi, waathirike 100 au zaidi, itangazwe hali ya dharura, au nchi iombe msaada wa nje. Ploti yangu ilizama bila mtu kulowa ila mimi na fundi. Haitaingia kwenye orodha hiyo kamwe. Na pengine ukimya una maana kwamba hakuna aliyekuwa akiishi pale. Bonde likifurika na ndani yake kuna swala peke yao, nani ataandika? Miaka ishirini baadaye linakatwa viwanja, na historia yake ni safi kama sahani mpya.

Maziwa ndiyo yanayoonyesha jambo hili waziwazi. 2009 Ziwa Naivasha lilikuwa limerudi nyuma mno, na aliyelitazama wakati huo angeapa ufuo uko pale. Baada ya hapo maji yakaanza kupanda, na 2020 maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa, Baringo ikiwemo, yalimeza nyumba, shule na mashamba. Ziwa Victoria nalo 2020 lilivunja rekodi yake ya 1964, kisha likaivunja hiyo mpya 2024. Ukitazama miaka kumi tu nyuma utaliona ziwa katika hali moja, na uidhanie ndiyo desturi yake. Mimi siku hizi siridhiki mpaka nimefika angalau mvua za El Nino za 1997, na nikimpata mzee anayekumbuka mafuriko ya 1961, namnunulia chai.

Ukishajua ni hatari gani unayoitafuta, shuka kwenye ploti yenyewe. Hapo picha za setilaiti ni msaada mkubwa. Google Earth kwenye kompyuta ina sehemu ya kurudisha picha za miaka ya nyuma, bure. Usitazame picha moja. Weka ya kiangazi kando ya ile iliyopigwa baada ya mvua kubwa. Laga, yaani mkondo unaopitisha maji wakati wa mvua tu, ambayo Januari inaonekana kama njia ya mbuzi, Mei utaiona mkanda wa kijani unaopita katikati ya viwanja. Ploti yangu nilipoiangalia hivyo, kwa kuchelewa, mkanda ulikuwepo, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyenificha, ni mimi sikutazama.

Halafu angalia kilicho juu yako, hata kama kiko mbali. Solai na Mai Mahiu zina somo moja ambalo ramani ya mvua haiwezi kukufundisha: bwawa, tuta la reli au kalvati iliyoziba vinaweza kugeuza mvua ya kawaida kuwa msiba. Na mto mkubwa hubeba mvua ya watu wengine. Mtu wa Hola au Garissa, kando ya Mto Tana, anaweza kuwa na jua kali, hajaona wingu wiki nzima, na mafuriko yakamfikia kwa sababu imenyesha Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, mabwawa ya juu kama Masinga yakajaa yakamwagika. Kule usiulize mvua hunyesha kiasi gani. Uliza mto umeshawahi kufika wapi.

Kwenye miteremko naangalia miti kwanza. Shina lililopinda chini kama goti kisha likanyooka juu linakuambia udongo umekuwa ukitambaa. Nyufa zinazokatiza mteremko, uzio uliokuwa umenyooka sasa umelala, chemchemi iliyotokea mahali ambapo hapakuwa na maji, vyote ni vya kuulizia. Rafiki yangu alikuwa ameshatoa malipo ya kwanza ya shamba Murang'a. Tukaona mstari wa miti umekaa kama walevi, kila mmoja na upande wake. Alidai pesa yake. Alirudishiwa nusu, akashukuru.

Kuuliza watu nako kuna namna yake. Ukimuuliza mwenyeji "hapa kuna mafuriko?" atakujibu hapana, ama kwa kuwa ana ndugu anayeuza ploti jirani, ama kwa kuwa maji ya siku mbili kwake si mafuriko. Mimi huuliza hivi: "Ile mvua ya 2024, maji yalifika wapi?" Mtu hunyoosha mkono. Huonyesha ukuta, mti, ngazi ya kanisa. Nauliza wawili watatu kila mmoja peke yake, na mikono yao ikielekea mahali pamoja sihitaji ripoti. Mama anayeuza chai barabarani anajua ni siku ngapi barabara hukatika. Mwendesha boda anajua ni wapi hapapitiki wakati wa mvua. Chifu naye ana faida yake, maana chakula cha msaada kikija orodha hupitia kwake, na orodha ya msaada ni kumbukumbu ya majanga kwa jina lingine.

Mto ukipita karibu, nenda ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji uulize mpaka wa kingo kabla hujalipa. Kanuni huzungumzia ukanda usiojengwa wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto, kutegemea upana wake, na baada ya mvua za 2024 wengi walibomolewa wakiwa na hati mkononi. Hati inasema ardhi ni ya nani. Haisemi kama hubaki kavu. Saveya wangu alipima mipaka yangu sawasawa kabisa, hadi sentimita, na hakusema neno juu ya maji. Sikumuuliza.

Matetemeko nayapitia haraka. Kama uko Bonde la Ufa, jenga kwa nondo za kutosha na usimsikilize fundi anayetaka kupunguza. Tsunami ya Desemba 2004 ilifika pwani yetu na kuua mtu mmoja, kwa hiyo aliye ufuoni ajue tu njia ya kupandia juu.

Ila kuna hesabu moja ambayo huwa nawafanyia watu wanaponiambia "hiyo ilikuwa mvua ya miaka mia". Wanaisikia kana kwamba ikishapita imetoa likizo ya miaka 99. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka ina nafasi moja kati ya mia. Ukikaa kwenye nyumba miaka 30, nafasi ya kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 26, yaani karibu mara moja kwa nne. Na hapo tumechukulia kwamba mvua za kesho zitafanana na za jana, na kwamba hakuna atakayejenga ukuta juu yako akayageuza maji kuja kwako. Jirani yangu wa upande wa juu ameanza kuchimba msingi.

Ploti bado ninayo. Januari iliyopita broka yule yule alinipigia, ana mteja mwenye pesa taslimu, anataka kuiona wikendi hiyo hiyo. Nikamwambia amlete, nitamwonyesha kila kitu, lakini amlete Aprili. Hajapiga tena.