Sista Anajibu: Sumu inayorudi nyumbani na ovaroli

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wa mashambani, na karibu zote zinauliza juu ya jambo lililotokea baada ya kazi kwisha: kwenye karai la kufulia, kitandani, ndani ya stoo ya mahindi. Sikushangaa. Nilipokuwa muuguzi wa zahanati huku Naivasha, mpulizaji dawa aliyeugua kwa kawaida alikuja usiku, akiwa ameshafika nyumbani, na mara nyingine mgonjwa aliyeletwa hakuwa yeye bali mtoto wake. Nimechagua barua tatu.

Sista, hujambo? Mume wangu hupiga dawa kwenye shamba la maua. Hurudi na ovaroli yake, nami humfulia jioni kwenye karai lile lile la nguo za watoto. Siku hizi mikono inaniwasha na naamka na kichwa kizito. Nina mimba ya miezi mitano. Yeye anasema hakuna shida, kwani kila wakimaliza kupiga dawa hupewa maziwa. Pia ameniletea mitungi miwili ya lita tano kutoka kazini, imeoshwa vizuri, niwekee maji ya kunywa. Je, nina sababu ya kuogopa? – Mama Watoto, Karagita

Unayo, dada yangu. Ovaroli hiyo usiifue tena kuanzia leo, na maji yaliyo kwenye mitungi hiyo yamwage.

Wengi hudhani sumu ya shambani huingia puani tu, ndiyo maana mtu akishajifunga leso usoni huona amejikinga. Kwa mpulizaji dawa, mlango mkubwa ni ngozi. Ovaroli iliyolowa inamgusa mchana kutwa na dawa inapenya polepole, kwa kasi zaidi pale ngozi ilipo laini kama makwapani na sehemu za siri. Wanaume waliokuja zahanati nilikuwa nawasisitizia wanawe mikono kabla ya kwenda haja ndogo, si baada tu. Walinitazama kwa haya, lakini nilisema hivyo hivyo. Leso nayo ikishalowa haizuii kitu. Inaishikilia dawa mbele ya pua na mdomo.

Sasa nguo hiyo hiyo wewe unaitumbukiza majini na mikono mitupu, kisha kwenye karai hilo hilo unatia sweta ya mtoto. Kuwashwa mikono na kichwa kizito vinaweza kuwa na sababu nyingine, na mimba nayo ina mambo yake, lakini nisingekaa nikibahatisha. Nenda kliniki ya wajawazito wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na mweleze muuguzi waziwazi kwamba umekuwa ukifua nguo za dawa. Mwambie mume wako aandike majina ya dawa anazopiga, uende nayo. Kwenye lebo kuna pia utepe wa rangi: mwekundu ni sumu kali kabisa, kisha wa njano, wa buluu, na wa kijani. Kijani hakimaanishi dawa ni ya kuchezea.

Mmoja wenu akianza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kifua kubana, misuli kuchezacheza, au mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, msingoje kupambazuke. Hizo ni dalili za sumu ya jamii ya oganofosfeti, na hospitali ina dawa yake, atropini. Kabla ya kuondoka mvueni nguo, mwogesheni kwa sabuni, na anayemwogesha avae glavu.

Hili la maziwa limeniumiza moyo miaka mingi. Maziwa ni chakula, na mtu aliyechoka akipewa na anywe. Lakini hayaondoi sumu kwenye damu wala hayaizuii kupita kwenye ngozi. Nimewaona vijana waliokuwa wakivua glavu kwa sababu ya joto la kitalu wakitumaini pakiti ya maziwa itawaokoa jioni. Anayemgawia mfanyakazi maziwa badala ya glavu nzima na bafu hajamkinga.

Ovaroli yenyewe haikupaswa kufika kwako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga na kuyatunza, aweke mahali pa kunawia, na pawepo pa kuhifadhi nguo ambazo mfanyakazi havai akiwa kazini. Mume wako aoge huko huko, avae nguo za nyumbani, ovaroli ibaki ifuliwe shambani. Kama hakuna utaratibu huo, alifikishe jambo hili kwenye kamati ya usalama. Sheria inaitaka mahali popote penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wana wawakilishi wao humo. Kama ni mwanachama wa KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, amwone mwakilishi wao shambani. Aulize pia matokeo ya vipimo vyake vya damu. Mashamba mengi huwapima wapulizaji, lakini nimekutana na wengi waliotolewa damu na hawakuwahi kuambiwa ilisema nini.

Mpaka hapo, aifue yeye, nje, na glavu mkononi. Aisuuze kwanza peke yake, kisha aifue mara mbili kwa maji ya moto na sabuni nyingi, aianike juani. Karai liwe la kazi hiyo tu. Ikimwagikiwa dawa ambayo haijachanganywa na maji, haifuliki; arudishe shambani ipewe nyingine.

Na mitungi. Plastiki hunyonya dawa, na hakuna sabuni ya nyumbani itakayoitoa yote. Kule shambani mtungi husuuzwa mara tatu ili mabaki yaingie kwenye pampu yakapigwe, halafu hutobolewa ili asitokee mtu wa kuutia maji. Hiyo miwili ilipita bila kutobolewa. Airudishe, usimpe jirani.

Mama, salamu kutoka Lugari. Mimi ni kibarua kwa mzee mmoja mwenye mahindi mengi. Usiku nalala ndani ya stoo kulinda. Wiki hii ameweka tembe za kuua dumuzi katikati ya magunia na kufunika kwa turubai. Usiku nasikia harufu kama ya samaki waliooza, na asubuhi kifua kinabana. Mzee anasema nikifungua dirisha inatosha. – Mlinzi

Mwanangu, usilale humo leo. Ukimaliza kusoma hapa, toa blanketi lako, kisha nenda hospitali ukaeleze kuhusu kifua hicho.

Ukieleza hivyo, nadhani ni tembe za fosfidi ya alumini. Zikikutana na unyevu wa hewani hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu. Inaua watu vilevile. Haina dawa ya kuipinga. Daktari anaweza tu kukusaidia kupumua na kuulinda moyo wakati mwili unapigana. Madhara kwenye mapafu yanaweza kuja saa nyingi baada ya kuivuta, ndiyo maana sitaki uridhike kwa kuwa leo umeamka salama. Wala usitumie harufu kama kipimo, kwa sababu pua inaweza kukosa kuisikia na gesi bado ipo. Gesi hupita kwenye nyufa na chini ya mlango, kwa hiyo hata anayelala chumba kinachopakana na stoo hiyo yuko hatarini. Kama mzee ana wajukuu upande wa pili wa ukuta, mwambie leo leo.

Msijaribu kuzimwagia tembe maji. Gesi itatoka kwa wingi mara moja, na inaweza kuwaka moto. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa, mwenye vifaa vya kupumulia, na ndiye wa kuamua lini stoo ifunguliwe ipate hewa.

Najua unachoogopa: ukiondoka, kesho kuna mwingine wa kulinda. Sheria ile ile ya 2007 inasema mfanyakazi aliyeondoka mahali ambapo ana sababu ya kuamini pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake hafukuzwi wala haadhibiwi kwa hilo. Mzee nadhani si mtu mbaya. Ameuziwa sumu bila kuelezwa. Mweleze kwa heshima kwamba siku hizi agroveti nyingi huuza magunia yasiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi bila tembe yoyote. Mahindi yakikaushwa vizuri na gunia likafungwa sawasawa, unaweza kulala ukiliegemea.

Sista, mashine ya kukata majani ya ng'ombe ilinikata vidole viwili Oktoba iliyopita. Tajiri alilipa hospitali akasema kibarua wa siku hana fidia. Ni kweli? – Bahati, Nakuru

Si kweli, ndugu yangu, na pole sana. Kibarua wa kulipwa kwa siku naye ni mwajiriwa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, inampa mwajiri siku 7 tangu apate habari za ajali kuiripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na wewe una miezi 12 tangu siku ya ajali kudai. Kulipa bili ya hospitali hakufuti dai lako. Nenda ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti, beba kitambulisho, karatasi za hospitali, na jina la mtu aliyeona ajali. Kama karatasi zimepotea, omba nakala kwenye ofisi ya rekodi ya hospitali. Waeleze pia kama mdomo wa mashine hiyo ulikuwa na kinga au la, kwa kuwa wakaguzi wana mamlaka ya kuisimamisha, na nina hakika kuna mtu mwingine anayeilisha majani sasa hivi.