Jaa halichimbwi kama msingi wa nyumba: ushauri kwa wanaoanza kufukua pwani ya Tanga

Kila kipupwe kinapokaribia, vijana wa Tanga huniuliza namna ya kujiandaa kwa kazi ya kufukua mabaki ya kale, hasa waliosikia kwamba kuna watafiti wanaotafuta vibarua wanaojua kusoma na kuandika vizuri. Nilifanya kazi hiyo kwa misimu minne kusini mwa mji, upande wa Tongoni, na sehemu kubwa ya muda huo niliupitisha nikiwa nimepiga magoti ndani ya mashimo ya taka yaliyotupwa miaka mia tano au mia sita iliyopita. Kwa hiyo nitaandika juu ya mashimo hayo tu. Msikiti na makaburi vina watu wengi wa kuvisemea, lakini jaa halina msemaji.

Mgeni anayefika Tongoni huonyeshwa magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, na huambiwa, tena kwa haki, kwamba hapa ndipo Mtang'ata, mahali ambapo merikebu za Mreno Vasco da Gama zilipita mwaka 1498, kisha zikarudi Januari 1499 na mojawapo, São Rafael, ikachomwa moto katika maji ya karibu, kwa sababu mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Yote hayo ni muhimu. Hata hivyo, kaburi la nguzo lilijengwa na mwenye uwezo ili lionekane, na habari za Wareno ziliandikwa na watu waliokuwa njiani. Aliyemwaga majivu ya meko na miba ya samaki nyuma ya nyumba yake hakuwa na nia ya kumwonyesha mtu chochote, na ndiyo sababu namwamini zaidi. Isitoshe, wengi waliokaa katika miji hii waliishi katika nyumba za miti na udongo ambazo hazikuacha gofu, na mara nyingi shimo la taka ndilo ushahidi pekee uliobaki kwamba waliishi, walipika na walikula.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kuliona shimo kabla ya kulichimba. Ukishaondoa udongo wa juu na kusawazisha kwa mwiko wa mwashi, shimo la kale hujitokeza kama doa jeusi au la kijivu ndani ya udongo mwekundu au mchanga wa pwani, kwa kuwa limejaa majivu, makaa na mabaki yaliyooza. Doa hilo huonekana vizuri asubuhi, udongo ukiwa na unyevu wa umande. Jua la saa nne likishapanda kila kitu hupauka, na utaapa kwamba hakuna kitu pale. Sisi tulikuwa tukinyunyiza maji kidogo, tukangoja dakika chache, kisha tukachora ukingo wa doa kwa ncha ya mwiko kabla rangi haijapotea tena. Usiwe na haraka katika hatua hii, kwa maana ukikosea ukingo utachanganya taka za shimo na udongo wa kale zaidi uliolizunguka, na kosa hilo halirekebishiki.

Baada ya hapo shimo hugawanywa katikati kwa kamba, likachimbwa nusu moja tu mpaka chini. Nusu iliyobaki husimama kama ukuta, na katika ukuta huo utasoma jinsi shimo lilivyojazwa: majivu laini, kisha kome na chaza, kisha udongo uliomomonyoka wakati wa mvua, kisha majivu tena. Ukuta huo huchorwa na kupigwa picha, kila tabaka hupewa namba yake, na hapo ndipo nusu ya pili huchimbwa kwa kufuata matabaka. Fundi wa kuchimba misingi au vyoo, hata awe hodari namna gani, hulazimika kusahau mkono wake hapa, kwa sababu yeye amezoea kuteremka wima, na sisi tunateremka kwa kufuata mteremko wa kila kitu kilivyomwagwa.

Nitasimulia kosa langu, kwa kuwa nimewaona wengine wakilirudia. Katika msimu wangu wa pili niliona kwenye ukuta wa shimo kipande cha bakuli la Kichina, la ile rangi ya kijani iliyotulia iliyotoka katika tanuri za Longquan na kufika bandari nyingi za Bahari ya Hindi kati ya karne ya 13 na ya 15. Kilikuwa kimetokeza kama ukucha. Nilikichomoa kwa vidole viwili, nikakifuta kwa shati, nikakiinua juu ili wenzangu wakione. Kiongozi wetu hakunikemea, aliniuliza tu kama kilikuwa katika tabaka la nne au la tano. Matabaka hayo yalikutana palepale nilipochomoa, na ukuta ulikuwa umeporomoka. Kama kilikuwa cha tabaka la tano, basi taka zote za juu yake zilitupwa baada ya bakuli hilo kuvuka bahari, kutumika na kuvunjika, na tungekuwa na njia ya kukadiria umri wa shimo zima. Kigae hicho kiliwekwa katika mfuko ulioandikwa kwamba hakina tabaka, na tangu siku hiyo sijachomoa kitu ukutani.

Upo mkanganyiko mwingine ambao usikutie hofu. Unaweza kukuta kizibo cha soda mita moja chini, katikati ya vigae vya zamani, ukadhani kazi yote imeharibika. Pwani ina kaa, panya na mizizi ya minazi, na vyote hivyo hupitisha vitu vya juu kwenda chini. Tafuta tundu. Mara nyingi utaliona kama mviringo wa udongo laini wenye rangi tofauti, ambao hukwanguliwa peke yake na kutiwa katika mfuko wake, na tabaka linabaki salama.

Kuhusu vigae, msivipe heshima vya kigeni peke yake. Vingi mtakavyookota ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapahapa, vyenye masizi, na umbo la mdomo wa chungu pamoja na nakshi zake hubadilika karne kwa karne, kiasi kwamba aliyezoea hutambua zama kwa kupitisha kidole. Vyenye masizi visisuguliwe kwa brashi, kwa sababu mabaki ya chakula yaliyoganda humo yanaweza kuchunguzwa maabara.

Sasa nifike kwenye chekeche, ambalo kwangu mimi ndilo chombo kikuu kuliko mwiko. Tulianza na chekeche la matundu ya milimita tano, tukaridhika, mpaka siku tuliporudia chungu ya udongo uliokwisha kuchekechwa kwa chekeche la milimita mbili na kujaza bakuli zima la miiba na pingili za samaki wadogo. Maana yake ni kwamba kwa wiki nzima tulikuwa tukitupa chakula cha kila siku na kubakiza cha karamu. Kati ya vitu tulivyookota siku hiyo kulikuwa na kipande kigumu, cheupe, kilichopinda kama mdomo wa kasuku, ambacho wengi wetu tulidhani ni tumbawe. Bibi mmoja aliyekuwa akituletea samaki wa mchana alikichukua, akakigeuza kiganjani, akasema, "Mwanangu, hili si jiwe. Hili domo la pono, naye pono huingia demani." Kwa sentensi hiyo moja tulijua samaki, tukajua mwamba alikokula, na tukapata dokezo la chombo ambacho huenda kilimvua, yaani dema, ule mtego wa kusukwa. Tangu hapo sikupeleka mifupa kwa wataalamu kabla ya kuitandaza mbele ya wavuvi na wachuuzi wa jirani, na nawashauri mfanye hivyo, mkiandika alichosema kila mmoja kwa maneno yake.

Msidhani mambo haya ni madogo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, mahali alipofukua mtafiti Mark Horton katika miaka ya 1980, mifupa ya samaki ilionyesha kwamba wakazi wa mwanzo walivua karibu, kwenye miamba na mikoko, na kwamba samaki wa maji makuu waliongezeka katika karne za baadaye. Kule Chwaka, Pemba, mbegu zilizoungua zilionyesha kwamba uwele uliokuwa umetawala mwanzoni ulipisha mpunga kuanzia karne ya 11 hivi. Mbegu hizo hupatikana kwa kumwaga udongo wa shimo ndani ya ndoo ya maji na kukoroga taratibu; zilizoungua huelea pamoja na makaa, zikamiminwa juu ya kitambaa chepesi na kukaushwa kivulini, kwa maana zikianikwa juani hupasuka.

Ukiombwa kuchagua kitu cha kupimwa umri kwa kaboni, yaani kipimo cha maabara kinachokadiria mmea au mnyama alikufa lini, chagua mbegu badala ya kaa la mti. Punje ya mtama iliota na kuungua katika muda mfupi, ilhali kuni inaweza kuwa boriti ya nyumba au ubao wa jahazi kuukuu, na kipimo kitatoa umri wa mti, si wa moto uliopikia. Kombe za baharini nazo huonekana za zamani kuliko zilivyo kwa karne kadhaa, kwa sababu ya kaboni kongwe iliyomo baharini, hivyo lazima hesabu yake isahihishwe.

Kwa wasio wafukuaji nina neno moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na hairuhusiwi kufukua bila leseni ya serikali. Fundi wako wa choo akikutana na udongo mweusi wenye vigae na kombe, mwambie asimamishe jembe, piga picha kabla ya kugusa chochote, kisha itaarifu serikali ya mtaa. Usiviokote kuvipanga kabatini.

Na mkimaliza, fukieni. Shimo lililoachwa wazi humalizwa na vuli moja. Sisi tulitandika turubai sakafuni mwa shimo, tukaweka juu yake sarafu mpya ya shilingi mia mbili, kisha tukarudisha udongo kwa karai mpaka usawa wa ardhi, ili atakayefukua hapo baada yetu akikuta turubai na sarafu ajue mikono yetu ilikomea wapi.