Usiuze hiyo santuri ya Gene Clark kabla hujaisikiliza

Mkuu, USIUZE. Umesema kwenye santuri za marehemu baba yako kuna No Other, albamu ya Gene Clark, mwimbaji aliyetoka bendi ya Kimarekani ya Byrds, na jamaa wa soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza anakupa elfu kumi kwa kuwa "huyo bila Byrds si kitu". Subiri kwanza.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2009, na hadi leo yananiuma. Mjomba alituachia kasha la santuri pale Kirumba. Hiyo No Other niliishika kwa mkono huu: mbele picha za sinema za zamani zimebandikwa pamoja, nyuma Clark mwenyewe kavaa suruali pana. Nikaifuta vumbi kwa kanga ya shangazi, nikairudisha ndani. Sikuipiga hata mara moja! Akaja mtu anayejiita mjuzi wa muziki, akasema Clark alibebwa na bendi. Nikampa kasha zima kwa elfu arobaini.

Alinidanganya mchana kweupe. Nyimbo za mwanzo ambazo Byrds walitunga wenyewe, nyingi ni za Clark. Aliondoka 1966, hofu ya ndege ikiwa sababu mojawapo. Sasa nani alimbeba nani?

Miaka sita baadaye, kwenye meli ya kwenda Nansio, rafiki akaniwekea Some Misunderstanding, wimbo wa albamu hiyohiyo, kwenye simu. Zaidi ya dakika nane. Sauti ya Clark inaanza chini kama mtu anayeungama, waitikiaji wanaingia nyuma yake, wimbo unapanda bila haraka. Nikatazama maji tu. Ulipoisha nikamwomba aurudie, na gati lilipoonekana tulikuwa bado hapohapo.

Albamu ilitoka 1974, ikatumia fedha nyingi studio, haikununuliwa sana. Clark akafariki 1991 akiwa na miaka 46. Ilipotolewa upya kwa heshima zote mwaka 2019, mwenyewe hayupo. Hilo ndilo linalonitia uchungu kuliko elfu arobaini.

Kwa hiyo, sikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake ndipo umsikilize mnunuzi. Nyimbo nne, geuza, nne nyingine, usiruke hata mmoja. Ukimaliza tafuta albamu yake White Light ya 1971, nayo uipige hivyohivyo, mwanzo hadi mwisho.

Jamaa akirudi leo jioni, mwambie bado uko upande wa kwanza.