Kompyuta, moyo wa chemba moja na damu ya ini

Ndugu, umeuliza kama kompyuta inaweza kumwonyesha daktari mahali pa kuunganisha mishipa kabla hajamfungua mtoto aliyezaliwa na moyo wenye chemba moja tu ya kusukuma damu. Inaweza, lakini uliza kwanza namba zilizoingizwa zimetoka wapi. Nasema hivi kwa sababu nilipokuwa nikisomea uzamili wa uhandisi niliziingiza vibaya.

Upasuaji huo unaitwa Fontan, kwa jina la Francis Fontan, daktari aliyeufanya mara ya kwanza Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1968. Kwa namna unavyofanyika leo, damu inayorudi kutoka mwilini hupelekwa moja kwa moja mapafuni bila pampu, na ndiyo maana umbo la makutano ya mishipa lina uzito mkubwa. Mwaka 1996, daktari wa upasuaji wa moyo Marc de Leval na wahandisi wa Milano, Italia, walitumia hesabu za kompyuta kuonyesha kwamba vena kava ya juu na ya chini (mishipa miwili mikubwa inayorudisha damu kutoka mwilini) zikitazamana, mikondo hugongana na nguvu hupotea, ilhali kuzipisha kidogo hupunguza hasara hiyo. Tatizo ni kwamba damu ya ini hupanda na vena kava ya chini, hivyo mishipa ikipishana inaweza kuelekea pafu moja tu, na pafu linaloikosa huota vijishipa visivyo vya kawaida vinavyopitisha damu bila kuipa oksijeni.

Kazi yangu ilianza na picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku. Nilifuatisha ukingo wa mshipa kwa kipanya, picha baada ya picha, hadi macho yakawasha. Kisha, kwa uvivu (sina neno jingine), niliweka shinikizo lilelile kwenye matawi yote ya mapafu. Kompyuta ikanipa rangi za kupendeza na damu iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu. Msimamizi wangu hakuzitazama hata rangi. Alifungua vipimo vya MRI ya mtoto huyohuyo, vikaonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya damu ilikuwa ikienda pafu la kulia.

Nilirudia hesabu kwa ukinzani (ugumu wa damu kupita) tofauti kila upande, nikaachilia chembe za kufikirika kutoka upande wa ini na kuhesabu zilikofikia. Bomba la kuunganisha vena kava ya chini na mishipa ya mapafu, nililolisogeza kulia, ambalo kwa hasara ya nguvu lilikuwa bora kuliko yote, halikupeleka karibu chembe yoyote pafu la kushoto.