Kabla hujaweka sindano kwenye santuri ya jazi ya Soho

Santuri ya kwanza ya jazi ya Uingereza niliyoinunua niliiharibu kwa mikono yangu kabla sijaisikiliza hata mara moja. Ilikuwa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ya bendi ya Ronnie Scott, mpiga saksafoni wa London, iliyotolewa na kampuni ya Esquire, niliyoikuta katika duka la mitumba huku Uingereza ninakoishi, na kwa kuwa ilikuwa na vumbi na alama za vidole, niliifuta kwa spiriti. Santuri za namna hiyo zilitengenezwa kwa shelaki, ambayo asili yake ni gundi inayotolewa na wadudu, na shelaki huyeyuka katika spiriti. Kitambaa kilitoka cheusi, nami nikabaki na santuri iliyopauka.

Kwa hiyo tumia maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, usiloweshe karatasi ya lebo, kisha kausha mara moja. Halafu angalia sindano ya gramafoni yako. Kampuni ya Decca ilianza kuuza santuri ndefu (LP, zenye mfereji mwembamba) nchini Uingereza mwaka 1950, lakini zile za mizunguko 78 ziliendelea kutengenezwa karibu muongo mzima baadaye, ndiyo maana sanduku moja la enzi hizo huwa na aina zote zilizochanganyika. Mfereji wa santuri ya 78 unahitaji sindano yenye ncha ya takriban milimita 0.075, mara tatu ya ile ya santuri ndefu. Ukiweka ncha nyembamba, huzama hadi chini ya mfereji palipojaa uchafu, na utakachosikia ni mkwaruzo. Kama kikuza sauti chako kina kitufe cha mono (kinachounganisha sauti ya kushoto na ya kulia kuwa moja), kibonyeze, kwani sehemu kubwa ya kelele hizo itapungua.

Katika kuchagua, ushauri wangu ni mmoja: soma majina ya wapigaji nyuma ya jalada, hasa ya wale wasio viongozi wa bendi. Ulimwengu wa jazi ya Uingereza ulikuwa mdogo mno. Tangu 1935 hadi katikati ya miaka ya 1950, bendi za Marekani zilizuiwa kwa kiasi kikubwa kupiga muziki Uingereza, hivyo vijana wa London waliajiriwa kama wanamuziki kwenye meli za abiria ili wakifika New York waisikie bibapu (bebop), jazi mpya ya kasi ya wakati huo, kwa masikio yao. Waliporudi walijifungulia vilabu vyao wenyewe. Club Eleven ya Soho, mtaa wa burudani katikati ya London, iliyoanza mwaka 1948, ilipewa jina hilo kwa sababu waanzilishi walikuwa 11, wanamuziki 10 na meneja mmoja. Na ukumbi wa Ronnie Scott ulifunguliwa mwaka 1959 katika mtaa wa Gerrard. Watu walewale walizunguka kutoka jukwaa hadi jukwaa, na kutoka studio hadi studio.

Mimi nilimfuata mpiga ngoma Phil Seamen. Nilimkuta kwanza katika Tubby's Groove, santuri aliyoirekodi mpiga saksafoni Tubby Hayes mwishoni mwa 1959 kwa kampuni ya Tempo, ambapo saksafoni inakimbia na ngoma zinaisukuma bila huruma. Jina lake likanipeleka kwa Joe Harriott, mpiga saksafoni Mjamaika aliyefika Uingereza mwaka 1951, na santuri yake Free Form iliyorekodiwa mwaka 1960. Hapo Seamen huyohuyo anafanya kazi tofauti kabisa: ananyamaza ghafla, anarudi pasipotarajiwa, huku Harriott na mpiga tarumbeta Shake Keane wakiulizana na kujibizana bila mfuatano wa kodi (chords, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja) uliopangwa. Sikuielewa siku ya kwanza, wala ya pili.

Santuri asilia za Tempo zilichapishwa kwa idadi ndogo, na bei zake leo, kwa maoni yangu, ni za wakusanyaji zaidi kuliko za wasikilizaji. Nunua matoleo mapya bila aibu. Free Form yangu ni ya CD.